Namba za juu ya prosesa (SR00C, SR0PL, 3105B217): zinaonyesha kama itakubali ovakloki?

Mchanga_Mweupe

Habari zenu wakuu.

Nina bodi mama ya Asus P8Z77-V, hitisinki ya mnara yenye mirija minne (Hyper 212) na pawa saplai ya wati 550. Kwa sasa imevaa i3-2120. Nataka kuitoa niweke i7 ya mtumba na kuiovakloki (kuikimbiza kuliko kasi ya kiwandani). Kuna duka Kariakoo lina prosesa tatu zisizo na boksi. Maandishi ya kwenye mfuniko wa chuma nimeyanakili kama yalivyo:

A) i7-2600K, SR00C 3.40GHZ, COSTA RICA, 3105B217
B) i7-3770K, SR0PL 3.50GHZ, MALAY, L212B634
C) i7-4790, SR1QF 3.60GHZ, MALAY, L420C108

Zote zina alama e4 ndani ya duara. Muuzaji anasisitiza kwamba ya Costa Rica ndiyo inayopanda kasi kuliko zote, halafu hapo hapo anasema C ndiyo bora kwa kuwa ni mpya zaidi. Bei ya A na B hazipishani sana.

Naomba kufahamishwa kila kipande cha hizo namba kina maana gani, kipi kinagusa ovakloki, na nichukue ipi. Natanguliza shukrani.

---

Fundi_Soketi

Mkuu, C ifute kwenye orodha kabla ya yote. Hiyo ni ya soketi LGA1150, bodi yako ni LGA1155. Nafasi za kukalia pembeni mwa prosesa ziko tofauti, kwa hiyo haitakaa, na ukiilazimisha utapinda pini za soketi, uue na bodi pia. Isitoshe haina K, na kizazi cha nne bila K hakina cha kuovakloki.

Sasa maandishi, mstari kwa mstari.

Jina la modeli ndilo lenye uzito kuliko yote. Kwa i7-2600K, tarakimu ya kwanza baada ya kistari ni kizazi (cha pili, Sandy Bridge), 600 ni ngazi ndani ya kizazi, na herufi ya mwisho ndiyo ya kukodolea macho. K maana yake kizidishi (namba inayozidishwa na kloki ya msingi kupata kasi) kimefunguliwa. S na T ni za kula umeme kidogo, P haina grafiki ya ndani. Isiyo na herufi imefungwa, ingawa kwa kizazi cha pili na cha tatu imefungwa nusu, nitaeleza chini.

SR00C, SR0PL na SR1QF ndizo namba za Intel za kutambulisha aina ya chipu pamoja na stepingi yake, yaani marekebisho ya ramani ya silikoni. Kila modeli ina yake: i7-2600 isiyo na K ni SR00B, 2600K ni SR00C, i5-2500K ni SR008. Kwa kizazi cha tatu, 3770 ni SR0PK, 3770K ni SR0PL, i5-3570K ni SR0PM. Mnaona tofauti ni herufi moja tu ya mwisho, na hapo ndipo watu wanapouziwa 2600 kwa bei ya 2600K. Soma namba hiyo na ilingane na jina. Ikiwa mfuniko unasema 2600K lakini chini yake kuna SR00B, rudisha mezani.

3105B217 ni namba ya mkupuo. Herufi au tarakimu ya kwanza ni kiwanda kilichofunga na kupima chipu: 3 ni Costa Rica, L ni Malaysia, X ni Vietnam. Inayofuata ni tarakimu ya mwisho ya mwaka, halafu mbili za wiki. Kwa hiyo A ilifungwa Costa Rica wiki ya 05 ya 2011, na B Malaysia wiki ya 12 ya 2012. Zinazobaki ni namba ya kundi, hazina siri yoyote. Mwaka una tarakimu moja, hivyo 1 ingeweza kuwa 2001 au 2021, lakini kizazi chenyewe kinakupa jibu: Sandy Bridge ilitoka Januari 2011. Ukikuta 2600K yenye 0 pale kwenye mwaka na wiki ya arobaini na kitu, usishangae, hizo zilifungwa mwishoni mwa 2010 kabla hazijaingia sokoni.

Ule mwaka mwingine ulio karibu na alama ya hakimiliki juu kabisa si tarehe ya kutengenezwa. Wengi hukosea hapo.

e4 ni alama ya madini yaliyopakwa kwenye viunganishi vya chini (kundi la madini ya thamani, hapa dhahabu). Haihusiani na kasi hata kidogo.

Kuhusu "imefungwa nusu": 2600 au 3770 isiyo na K, ikikaa kwenye bodi ya P67, Z68 au Z77, inaruhusu kuongeza kizidishi hatua nne juu ya turbo (kasi ya juu ambayo prosesa hujipandisha yenyewe). Kwa 2600 inakuwa 4.2 GHz kori moja ikifanya kazi, 3.9 kori zote nne zikifanya kazi. Si haba kwa bei yake. Kwenye H61, B75, Q67 au Q77, zile za kompyuta za ofisi, hupati kitu, hata uweke K.

---

kapasita_bovu

Nyongeza kwenye hilo la ofisini, maana linawaponza wengi: watu wananunua 3770K na kuiweka kwenye OptiPlex 7010 (kompyuta ya ofisi ya Dell) wakitegemea ovakloki. Ile ni Q77. Itawaka, itakimbia 3.9 yake ya turbo, basi.

---

Wimbi_la_Pwani

Nizungumzie hili la nchi, kwa sababu ndilo linalouza chipu kwa bei za ajabu.

Silikoni ya A haikutengenezwa Costa Rica. Intel hutengeneza sahani za silikoni kwenye viwanda vingine (Oregon na Arizona huko Marekani, kwa nanomita 22 na Israel pia), kisha hupeleka Costa Rica, Malaysia au Vietnam kukatwa, kufungwa kwenye kibao cha kijani, kuvikwa mfuniko na kupimwa. Kinachoamua chipu itapanda mpaka wapi ni ubora wa transista zake, na hizo zilishakamilika kabla chipu haijafika huko. Chipu mbili kutoka sahani moja, moja ya katikati na nyingine ya ukingoni, zinaweza kupishana kuliko chipu za nchi mbili tofauti.

Mikupuo ya dhahabu (ile inayosifiwa kutoa chipu zinazopanda sana) ina ukweli kiasi, sikatai. Wiki fulani mchakato unakaa sawa na chipu nyingi zinatoka nzuri. Lakini wanaoripoti huwa ni wale waliopata nzuri. Aliyepata ya kawaida hafungui uzi. Kwa hiyo ukiona watu ishirini wanasifia mkupuo mmoja, umewaona ishirini walioshangilia, wale mia waliokaa kimya hujawaona.

Nchi ina faida moja lakini, nayo ni kukamata feki. Intel ilitangaza Aprili 2014 kwamba inafunga shughuli za kufunga na kupima chipu kule Costa Rica. Ukikuta prosesa ya zama hizi za 2600K na 3770K imeandikwa COSTA RICA halafu namba ya mkupuo inasema mwaka 6 au 7, jiulize mara mbili. Vilevile tarakimu ya kwanza lazima ikubaliane na jina la nchi: L chini ya neno COSTA RICA ni kazi ya mtu mwenye msasa na mashine ya leza.

Na stepingi kwa hizi mbili haikusaidii kuchagua. 2600K zote za madukani ni D2, 3770K zote ni E1.

---

mzee_wa_977

Nakubaliana na Wimbi, ila vijana wasidhani stepingi ni hadithi tu. Kuna zama ilikuwa ndiyo kila kitu, na chipu hizo bado zimejaa kwenye makabati.

Core 2 Quad Q6600 ilitoka mara mbili. SL9UM ni stepingi B3, ya wati 105. SLACR ni G0, ya wati 95. Jina moja, kasi moja ya 2.4 GHz, kashe (kumbukumbu ndogo ya ndani ya prosesa) ileile. G0 inapoa zaidi na kufikisha 3.2 hadi 3.6 kwa kupozwa na hewa bila makelele, B3 inageuka jiko mapema. Core i7-920 vilevile: SLBCH ni C0, SLBEJ ni D0, na D0 huenda 4 GHz kwa volteji ndogo kuliko C0. Hapo namba tano za juu ya chuma ziliamua bei.

AMD nao walikuwa wanaandika karibu kila kitu kwenye namba. Chukua Athlon XP ya Barton, AXDA2500DKV4D. 2500 ni jina la modeli, D inayofuata ni aina ya kifungashio, K ni volteji 1.65, V ni kikomo cha nyuzi 85, 4 ni kashe ya 512 KB, D ya mwisho ni basi (njia ya data) ya 333. Ukikuta yenye L pale kwenye volteji, hiyo ni 1.50, maana yake kiwanda kiliona inaweza kufanya kazi kwa umeme mdogo, kwa hiyo ina nafasi ya kupanda. Ile AXMH2500FQQ4C ya laptopu ni 1.45 na kizidishi chake kimefunguliwa, watu waliitafuta kama lulu waiweke kwenye bodi za mezani. Mstari wa pili, mathalani AQXEA 0331, unatoa stepingi na tarehe: wiki ya 31 ya 2003. Tarehe ilikuwa na maana kubwa kwa sababu kuelekea mwisho wa 2003 AMD walianza kufunga vizidishi, kwa hiyo za kabla ya hapo na za baada ya hapo ni bidhaa mbili chini ya jina moja.

Kwa zama za karibu ipo Ryzen 5 1600. Yenye namba inayoishia AE ni ya nanomita 14, inayoishia AF ni ya nanomita 12, kimsingi ndugu wa Ryzen 5 2600. Jina halikubadilika. Anayenunua kwa kuangalia jina peke yake anaacha kasi mezani. Na Ryzen za mwanzo kabisa, zile za kabla ya wiki ya 25 hivi ya 2017, nyingi zilikuwa na tatizo la programu kuanguka ukikompaili kwenye Linux kwa mzigo mkubwa. Hapo tarehe ya kwenye mfuniko ina kazi halisi.

---

Mchanga_Mweupe

Shukrani sana wakuu, nimeelewa. C imeondoka. Maswali mawili: nikiwa dukani nawezaje kuhakikisha kwamba kilicho chini ya mfuniko ndicho kilichoandikwa juu? Na kati ya A na B kwa bodi yangu, ipi, na nianze na mipangilio gani?

---

Fundi_Soketi

La dukani.

Mfuniko unaweza kusagwa na kuandikwa upya, lakini jina lililochomwa ndani ya silikoni halibadiliki kwa msasa. Mwambie muuzaji aiweke kwenye bodi yoyote ya 1155 yenye BIOS (programu ya kuwashia bodi) inayoitambua, muingie BIOS. Jina litakaloonekana pale linasomwa kutoka ndani ya chipu. Bodi za zamani za H61 au P67 ambazo hazijasasishwa BIOS hazitawaka kabisa na 3770K, kwa hiyo skrini nyeusi peke yake si ushahidi kwamba prosesa imekufa.

Kama kuna Windows, fungua CPU-Z (programu ya kusoma taarifa za prosesa). Kama ni Linux, andika lscpu. Utakachotafuta:

Sandy Bridge: familia 6, modeli 42, stepingi 7.
Ivy Bridge (kizazi cha tatu): familia 6, modeli 58, stepingi 9.
Haswell ya mezani (kizazi cha nne): familia 6, modeli 60, stepingi 3.

Baadhi ya programu huandika kwa mfumo wa kumi na sita, mathalani 206A7 au 306A9. Isome hivi: tarakimu ya mwisho ni stepingi, 6 ya katikati ni familia, na modeli unaipata kwa kuunganisha tarakimu ya kwanza na ile ya kabla ya mwisho. 206A7 inakupa 2A, yaani 42. CPU-Z huwa inatenganisha sehemu mbili, modeli A na modeli iliyopanuliwa 2A. Soma ile iliyopanuliwa.

Kisha igeuze uangalie chini. Kapasita ndogo za katikati ziwepo zote, hakuna iliyong'oka. Viunganishi vya dhahabu visiwe na doa jeusi la kuungua, hasa kundi la upande mmoja. Pembe za kibao zisiwe zimebonyea. Angalia pia gundi nyeusi inayoshika mfuniko: ikiwa imekatwakatwa au mfuniko umekaa upande, mtu alishaufungua. Kwa 3770K hilo linaweza kuwa jambo zuri kama alijua anachofanya, kwa 2600K ni janga, kwa sababu ile imeunganishwa na silikoni kwa madini ya kulehemu na ukiuvuta mfuniko unang'oa na chipu.

Yenye maandishi INTEL CONFIDENTIAL na namba inayoanzia na Q badala ya SR ni sampuli ya majaribio ya wahandisi. Kasi yake inaweza kuwa tofauti, BIOS inaweza kuikataa, na rasmi ni mali ya Intel, haikupaswa kuwa kwenye kabati la duka. Iache.

Jambo la mwisho hapo hapo dukani, kama muuzaji anakubali: iendeshe Prime95 (programu ya kuitesa prosesa kwa mahesabu) dakika kumi na tano kwenye mipangilio ya kiwandani. Prosesa iliyokaa miaka kwenye volti 1.45 huchakaa, na hakuna namba yoyote juu ya mfuniko itakayokuambia hivyo. Ikishindwa kwa kasi yake ya kawaida, imechoka.

Chagua B. Kwa kasi ileile ni nyepesi kuliko A kwa asilimia chache, ni ya wati 77 dhidi ya 95, na kwenye Z77 inafungua PCIe 3.0 na RAM ya 1600 rasmi. A ina sifa yake, ule mfuniko uliolehemiwa, na mara nyingi inafika 4.6 kwa joto la chini. Lakini 3770K kwenye 4.4 inaifikia, kwa umeme mdogo. Kama bei ya A ingeshuka nusu ningekushauri kinyume. Moja ya kujua: zote mbili, kwa kuwa na K, hazina VT-d. Uendeshaji wa mashine pepe wa kawaida upo, ila kukabidhi kadi ya grafiki moja kwa moja kwa mashine pepe haiwezekani. Anayehitaji hilo achukue 3770 ya kawaida.

---

Wimbi_la_Pwani

La mipangilio nichukue mimi, kwa P8Z77-V na 3770K.

Kabla ya kugusa chochote sasisha BIOS, kompyuta ikiwa kwenye UPS. Umeme ukikatika katikati ya kusasisha, bodi inabaki jiwe. Rudisha mipangilio ya kiwandani, washa XMP ya RAM (mipangilio ya kasi iliyoandikwa ndani ya RAM yenyewe), hakikisha mashine iko imara hivyo kwa siku moja. Ukianza ovakloki juu ya RAM inayoyumba utamlaumu asiyehusika.

Kloki ya msingi iache 100. Kwenye vizazi hivi imefungamanishwa na PCIe na njia ya kuelekea chipseti, kwa hiyo ukienda 104 au 105 diski zinaanza kupotea na data kuharibika. Kazi yote ifanywe na kizidishi.

Ndani ya Ai Tweaker weka kizidishi 42 kwa kori zote. Volteji ya prosesa iweke ya mkono, 1.15. Kile kipengele cha kuzuia volteji isizame chini ya mzigo kiweke High, kisipite hapo. Ukikipeleka Extreme volteji inaruka juu mzigo unapoachiwa ghafla, na mruko huo hauuoni kwenye programu. Acha C1E na EIST (vipengele vya kuokoa umeme) zikiwa zimewashwa, hazizuii chochote kwenye kasi hizi na zinapoza prosesa ikiwa haina kazi.

Ingia Windows, fungua HWiNFO (inaonyesha joto na volteji), endesha Prime95 kwa ukubwa mdogo kabisa wa hesabu, dakika ishirini. Toleo la 27 kwenda juu linatumia AVX (maagizo mazito ya hesabu) na linachemsha kuliko kazi yoyote ya kila siku, toleo la 26.6 halitumii. Ikipita, panda hatua moja. Ikishindwa, ongeza volti 0.01 hadi 0.02 urudie. Endelea hivyo. 3770K ya kawaida inafika 4.4 kwa volti 1.18 hadi 1.25. Nzuri inafika 4.6 humo humo. Mbaya inataka 1.30 kwa 4.4, na hapo hitisinki yako itaomba radhi.

Kushindwa kuna lugha yake:

Skrini ya bluu ya 0x124 au 0x101: volteji ya prosesa haitoshi. Ongeza, au shuka hatua moja.
0x50: mara nyingi RAM au kidhibiti chake. Rudi kwenye XMP, usikimbilie volteji ya prosesa.
Prime95 inasimamisha kori moja na kuandika kosa la kukokotoa, mashine bado hai: umekaribia, ongeza 0.01.
Mashine inazima ghafla kama imechomolewa: joto au pawa saplai.

Ukishapata kasi unayoitaka, endesha hali ya mchanganyiko ya Prime95 usiku kucha, saa nane hadi kumi na mbili. Dakika ishirini zinakuambia umekosea, haziwezi kukuambia umepatia.

Joto sasa. Majaribio unayoyasoma mtandaoni mengi yamefanywa kwenye vyumba vya nyuzi 20 hadi 22. Chumba cha Dar bila kiyoyozi ni 30 na kitu. Hitisinki haiwezi kushusha chini ya hewa inayovuta, kwa hiyo ongeza tofauti yote hiyo kwenye namba zao. Kama wao walipata 74, wewe tegemea 84. Kikomo cha Ivy ni 105 ndipo inaanza kujipunguza kasi, lakini usikae huko: chini ya mzigo wa Prime95 usivuke 85. Vumbi la chumvi la pwani kwenye mapezi ya hitisinki linaongeza joto kimyakimya, safisha kila baada ya miezi michache.

---

kapasita_bovu

Kwa atakayeamua kuchukua A na sio B: kwenye Sandy Bridge kuna kipengele cha kupandisha volteji ya PLL (saketi inayotengeneza kloki) ya ndani. Chipu nyingi hazivuki 45 au 46 bila hicho. Ila ukikiwasha, mashine nyingi zinagoma kuamka baada ya kulala, skrini inabaki nyeusi na feni zinazunguka. Jaribu kwanza bila hicho, washa ukikwama tu. Volteji ya kila siku kwa 2600K isizidi 1.35 hadi 1.40 kwa hewa.

Na wanaonunua bodi za mtumba za P67 au H67 badala ya Z77: Januari 2011 Intel waligundua hitilafu kwenye chipseti za mfululizo wa 6, stepingi B2. Milango ya SATA ya 3 Gb inachakaa taratibu. B3 ndiyo iliyorekebishwa. CPU-Z huonyesha marekebisho ya chipseti. Ukikuta B2 tumia milango miwili ya 6 Gb tu, au iache. Namba za bodi nazo zina maneno.

---

Fundi_Soketi

@Wimbi nakubali kote isipokuwa volteji ya mkono kama makao ya kudumu. Ukiitumia, chipu inakaa kwenye 1.22 hata ukiwa unasoma barua pepe. Itumie kutafuta kiwango, kisha hamia kwenye hali ya nyongeza: soma kwenye HWiNFO volteji ya chini ya mzigo, halafu weka tofauti ya juu au ya chini mpaka ifikie hapo hapo. Bila kazi itashuka karibu na volti 0.9 au chini ya hapo. Tahadhari yake ni kwamba ukiweka tofauti hasi kubwa, mashine inapita majaribio yote ya mzigo halafu inaganda ikiwa haina kazi, kwa sababu volteji ya chini nayo imepunguzwa kiasi kilekile. Wengi wanatafuta kosa kwenye RAM wiki nzima.

Na 3770K ikichemka kuliko hitisinki inavyostahili, kosa lipo chini ya mfuniko: Intel waliweka pesti ya kupitishia joto badala ya kulehemu, na gundi inauinua mfuniko kidogo mbali na silikoni. Wanaoufungua na kubadilisha pesti hupata punguzo la nyuzi 10 hadi 20. Kibao cha Ivy ni chembamba, wembe ukizama milimita moja zaidi unakata nyaya za ndani. Kwa 4.4 huhitaji. Kwa 4.7 ndipo ufikirie.

---

Mchanga_Mweupe

Nimechukua B, jina ndani ya BIOS na SR0PL vimelingana, modeli 58 stepingi 9. Iko 4.5 kwa 1.224 chini ya mzigo, joto 83. Prime95 imepita saa tisa bila kosa. Ila kwenye kumbukumbu za matukio za Windows kuna maonyo ya WHEA-Logger, tukio namba 19, kama manne usiku mzima. Mashine haijaganda hata mara moja. Niyapuuze?

---

Wimbi_la_Pwani

Usiyapuuze. Tukio 19 ni kosa la ndani ambalo prosesa imeliona na kulirekebisha yenyewe, mara nyingi kwenye kashe. Prime95 halioni kwa sababu matokeo yanatoka sahihi. Leo ni manne kwa usiku. Chumba kikipanda nyuzi tatu Februari yatakuwa arobaini, na moja litashindwa kurekebishika, hapo ndipo 0x124 inapokuja.

Uko 83 na kikomo tulichokubaliana ni 85, kwa hiyo nafasi ya kuongeza volteji ni finyu. Ongeza 0.01 mara moja, rudia usiku mzima, angalia kumbukumbu. Yakibaki hata moja, shusha kizidishi hadi 44 na volteji irudi 1.20. Hutahisi tofauti ya MHz 100 kwenye kazi yoyote, na joto litashuka nyuzi kadhaa.

Kabla ya kurudia futa kumbukumbu za zamani, la sivyo utahesabu maonyo ya jana.